Kengele ya Tanuru



Tanuru la umeme hutawaliwa na chombo cha joto, na wakubwa hutuambia tukitegemee. Sawa, lakini chombo hicho hupima joto kwa kihisi kimoja tu. Waya wa kihisi ukikatika, kilichopangwa vizuri huhesabu joto limezidi, kikakata umeme. Kilichopangwa vibaya hudhani tanuru limepoa, kikazidi kulichochea. Na aliyesimama mbele yake ni mtu wa zamu, si meneja. Tena swichi yaweza kuganda: chombo kimekata, umeme wapita vile vile. Kengele italia, lakini mlio hauzimi tanuru!

Kwa hiyo twataka kizuizi cha pili, chenye waya wake na swichi yake, ambacho kikikata hakirudishi umeme mpaka fundi akirudishe kwa mkono. Na kupandisha kiwango cha kengele ili isisumbue kazi ni kuiziba kinywa.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka kamati ya usalama penye wafanyakazi 20 au zaidi. Wajumbe wetu waulize humo: kengele imewekwa digrii ngapi, nani aliibadilisha, na ilijaribiwa lini?