Bi harusi anayefukua mitaro jangwani



Leo sina mtindo mpya wa gauni wa kuwaonesha. Nina jambo limenikaa kooni tangu mwezi uliopita, na nisipolisema hapa nitaishia kuwasemea wateja dukani, na hilo halijengi biashara.

Nina mteja, binti wa hapahapa Unguja aliyekulia Marekani, anaolewa inshaAllah. Vipimo kanitumia kwa simu: gauni la akdi na nguo za siku tatu. Mwisho wa orodha kaongeza suruali mbili pana za pamba na mashati mawili marefu ya mikono mirefu, ya kazini. Nikamuuliza, mwanangu, kazi gani hiyo? Akanijibu kwa picha. Kavaa mabuti ya mpira yanayofika mapajani, mtandio kaufunga nyuma ya shingo, kasimama ndani ya maji, na nyuma yake jangwa tupu.

Anafanya kazi Ash Meadows, jimbo la Nevada, kama kilomita 145 kutoka Las Vegas. Mimi jangwa nililolijua ni la mchanga na ngamia. Kumbe pale pana chemchemi nyingi. Ni maji ya mvua za kale, yaliyopita chini ya mawe kwa maelfu ya miaka mpaka yakapata pa kutokea. Na kwa kuwa chemchemi hizo zimezungukwa na ukame pande zote, kuna samaki, konokono na mimea, zaidi ya aina 20, ambayo huipati mahali pengine popote duniani.

Watu walipaharibu. Katika miaka ya 1960 bwawa kubwa la matope na majani, Carson Slough, lilikaushwa ili kuchimbwa mboji. Mikondo ya maji ikanyooshwa kuwa mitaro ya mashamba. Baadaye ikaja mipango ya kujenga mji mzima juu yake. Mwaka 1984 ardhi ikanunuliwa, ikawa hifadhi, na tangu hapo kazi ni kurudisha kilichopotea.

Hiyo ndiyo kazi ya binti yetu. Anaanza alfajiri kabla jua halijawa kali, maana kiangazi joto linapita nyuzi 40. Anang'oa miti ya tamariski iliyoletwa kutoka nje na kuenea kingoni mwa maji. Anatega kamba wa maji baridi, nao wageni, wanaosumbua samaki wenyeji. Anapima joto la maji na kasi yake. Anasaidia kufukua njia ya zamani ya maji ili yapite yakipindapinda kama yalivyoumbwa, halafu anapanda miti ya asili kandoni. Mmoja unaitwa mesquite, na aliponitamkia nikasikia msikiti, tukacheka sana. Ndugu zetu wa Kenya wanaujua mti wa jamii hiyo kwa jina la mathenge, na kwao ni balaa. Kule Nevada ndiyo kwao, hausumbui mtu.

Karibu na hapo pana shimo la maji ya moto kiasi cha nyuzi 33, linaitwa Devils Hole. Jina lenyewe silipendi, lakini ndani yake wanaishi samaki wa buluu wasiozidi urefu wa kidole gumba. Wakulima walipovuta maji mengi kwa pampu, kina kikashuka, na kipande cha mwamba ambapo samaki hao hutagia kikaanza kukauka. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1976 ikaamuliwa kwamba uvutaji wa maji uwekewe mpaka. Hata hivyo mwaka 2013 walipohesabiwa walikutwa 35 tu. Thelathini na tano! Mimi nina vifungo vingi kuliko hivyo kwenye kikopo kimoja.

Sasa tatizo. Upande wa mume wamesema akishaolewa aache. Wanasema mwanamke wa heshima hashindi matopeni na koleo mkononi, na kwamba kazi ile haina stara.

Hapo ndipo ninapokataa. Mimi ndiye niliyeshona stara yenyewe, naijua. Suruali ni pana, mguuni ina lastiki ili isijikunje ndani ya buti. Shati linafika magotini, lina mpasuo pembeni wa kuchuchumaa, rangi ya hudhurungi isiyoshika joto, kitambaa kisichoonesha hata kikilowa. Nimekilowesha mwenyewe kwenye beseni nikakipeleka juani nikakiangalia. Ukinilinganishia na baadhi ya magauni ya harusi ninayoombwa nishone, nitakwambia wazi ni lipi limemsitiri mwanamke.

Na hii ya kwamba mwanamke hashindi majini tunaitoa wapi sisi watu wa visiwani? Nendeni Paje, nendeni Jambiani maji yakitoka. Tangu mwisho wa miaka ya 1980 mama zetu wanalima mwani, maji kiunoni, jua utosini, kanga imelowa. Wamesomesha watoto, wamejenga. Hakuna aliyewaita wasio na heshima, na hao wanaume wa upande wa pili baadhi yao wamelelewa kwa pesa hiyo.

Halafu tumkumbuke bibi yetu Hajar, alayha salaam. Jangwani, peke yake na mtoto, alikimbia baina ya Swafa na Marwa akitafuta maji, mpaka Mwenyezi Mungu akamtolea Zamzam. Kila anayehiji, mwanamume kwa mwanamke, anafuata nyayo zake. Tukisema jangwa na maji si mahali pa mwanamke, tunasema nini kuhusu sai?

Lakini sitawaficha, lipo moja ninalowaunga mkono. Mahali pale ni mbali, na safari ya kulala nje na watu si maharimu si jambo dogo. Nilimuuliza. Akasema anakwenda na kurudi kila siku, na wanafanya kazi kwa kikundi. Basi hilo ndilo la kuzungumzwa, kwa jina lake, badala ya kuzungumza matope.

Mimi nilipoolewa sikusema kitu kuhusu cherehani yangu. Niliona aibu, nikadhani litajipanga lenyewe. Miaka miwili cherehani ilikaa chini ya shuka chumbani, na siku nilipoifungua sindano imeshika kutu. Mume wangu si mtu mbaya, alhamdulillah, na leo ndiye anayenipelekea mizigo bandarini. Ila hakujua, kwa sababu hakuna aliyemwambia kabla ya akdi.

Upande wa mume wanakuja Ijumaa kwa ajili ya mahari. Nimempigia simu mama wa binti, nimemuomba suala la kazi lisemwe mbele ya walii kabla kiasi hakijatajwa. Kasema atazungumza na baba yake. Nguo zote ziko tayari, za akdi na za matope, nimeziweka kwenye begi moja.