Simu ya mdogo mdogo: uliza bei ya mwisho kabla ya bei ya siku

Hebu tuseme ukweli: kununua simu mpya siku hizi kunachosha. Kioo cha ile ya zamani kimepasuka, memori imejaa, betri haifiki saa saba mchana. Unaingia mjini na nia safi ya kubadilisha simu. Unatoka na karatasi tano za matangazo, kichwa kinakuuma, na hujui hata simu moja bei yake ni ngapi.

Hilo la mwisho ndilo linalonikera. Maoni yangu ni haya: shida kubwa ya mteja wa Malindi, Watamu au Kilifi anayetaka simu si kwamba simu ni ghali. Shida ni kwamba haambiwi bei. Anaambiwa "ni shilingi 60 tu kwa siku, dada", na hiyo si bei. Hicho ni kipande cha bei, kilichokatwa kidogo sana mpaka ile nzima haionekani tena.

Swali moja, maduka manne

Mwezi uliopita nilipita maduka manne ya simu mjini Malindi. Kila mahali niliuliza swali moja tu: "Nikilipa mdogo mdogo mpaka nimalize, kwa jumla nitakuwa nimetoa pesa ngapi?"

Duka la kwanza niliambiwa, "Usijali dadangu, ni kidogo kidogo, hata hutasikia." La pili, kijana alinifungulia kamera akanipiga picha. La tatu nikaambiwa jumla "iko kwa sistimu". Ni duka la nne pekee ambapo mama mwenye duka alichukua kalkuleta, akapiga hesabu mbele yangu na kuniandikia jumla nyuma ya kadi yake. Hesabu yenyewe ilinitoa jasho, lakini nilimshukuru.

Siwalaumu sana wale vijana wa kaunta. Wengi wanaishi kwa kamisheni, na wamefundishwa kutaja bei ya siku. Mimi nimesomea masoko, na mbinu hii naijua vizuri: bei kubwa ukiikata ikawa sawa na chai na mahamri, mteja ataipima na chai na mahamri. Hataipima na karo ya mtoto. Ni mbinu halali. Lakini mteja naye ana haki ya kuijua.

Twende kwa hesabu

Chukua mfano huu. Simu ya kawaida, bei ya kulipa taslimu ni shilingi 15,000. Kwa mdogo mdogo, dipoziti ni 2,500, halafu 60 kila siku kwa siku 365.

Sitini mara 365 ni 21,900. Ongeza dipoziti, unapata 24,400. Yaani umelipa 9,400 zaidi ya yule aliyelipa taslimu. Hiyo 9,400 ndiyo bei ya kungoja, na ndiyo namba ambayo hakuna anayeitaja.

Sasa igeuze. Tuseme ile 2,500 unayo, na ile 60 ya kila siku unaiweka kwenye akiba ya simu au kwenye chama. Zilizobaki ni 12,500. Ukigawanya kwa 60, utafika baada ya siku 209 hivi, karibu miezi saba. Ukinunua taslimu siku hiyo, mwenzako wa mdogo mdogo bado ana miezi mitano ya kulipa. Wazee walisema haba na haba hujaza kibaba. Kabla ya kuanza kujaza, angalia kibaba ni cha nani.

Sisemi mdogo mdogo ni wizi. Safaricom na Google walipozindua Lipa Mdogo Mdogo Julai 2020, kwa dipoziti ya shilingi 1,000 na malipo ya kuanzia 20 kwa siku, watu ambao hawangeweza kutoa pesa ya simu kwa mkupuo walipata simu ya 4G. Hilo ni jambo kubwa. Na miezi saba ya kungoja nayo ina gharama. Kama wewe ni wa boda na simu itakuletea wateja kuanzia kesho, au unauza dera kwa WhatsApp, pengine simu itaingiza zaidi ya hiyo 9,400 kabla mwaka kuisha. Basi chukua, na uchukue kwa amani. Ila amua ukiwa na namba zote mbili mkononi, ya taslimu na ya mwisho.

Bahari haina mshahara wa kila siku

Hapa kwetu pwani kuna jambo la pili, na kwangu hili ni zito kuliko riba.

Malipo ya kila siku yametengenezwa kwa mtu anayepata kila siku. Sasa angalia sisi. Mvuvi wa Mayungu akiwa na chombo kidogo, kaskazi inampa bahari tulivu na samaki. Kusi ikianza, kuanzia Aprili hivi, upepo na mawimbi yanamweka ufukweni siku nyingi. Kijana anayewatembeza wageni kwa boti Watamu anajua Desemba ni mavuno, na anajua pia kwamba kati ya Aprili na Juni hoteli kadhaa hufunga milango kabisa. Wahudumu wanarudishwa nyumbani bila mshahara mpaka wageni warudi. Mama anayeuza maembe au korosho ana msimu wake. Mkulima wa Ganze au Marafa anangoja mvua.

Sasa mtu huyo anauziwa simu Desemba. Mfuko umejaa, muuzaji anatabasamu, shilingi 60 inaonekana ni pesa ya kutupa. Lakini 60 kwa siku ni 1,800 kwa mwezi, na Mei itakuja. Mei chombo kimepandishwa mchangani na 60 ile ile bado inadaiwa asubuhi, mvua inyeshe isinyeshe.

Ukishindwa kulipa, simu inafungwa. Kwenye mikopo mingi ya aina hii kuna programu ndani ya simu inayoifunga kutoka mbali. Skrini inabaki na ujumbe wa deni. Nambari za wateja, picha za bidhaa, mazungumzo na mnunuzi wa samaki, vyote viko ndani na hufiki. Kwa hiyo simu inafungwa wakati ule ule unapoihitaji zaidi kutafuta kibarua. Hapo ndipo ninaposema mpango haukumfikiria mtu wa pwani.

Ushauri wangu kwa anayepata kwa msimu ni huu. Kabla hujatia sahihi, uliza kama unaweza kulipa mbele. Kama inaruhusiwa, lipa siku nyingi kaskazi, ulale salama kusi. Kama hairuhusiwi, fikiria mara mbili.

Pesa yako iko kwenye laini

Hili nalirudia kila mara kwa sababu limewaokoa wengi. Pesa yako ya simu haimo ndani ya kile kifaa. Imo kwenye akaunti iliyosajiliwa kwa namba yako. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, watu walituma pesa kwa kabambe, na kabambe inatuma mpaka leo.

Kwa hiyo ukibadilisha simu, usiitupe wala kuiuza kabambe yako. Iweke na chaja yake. Simu janja ikifungwa, ikiibwa au ikiingia maji, weka laini kwenye kabambe na pesa yako unaifikia. Deni la simu litabaki palepale na lazima ulilipe, lakini angalau utanunua unga.

Na siku ya kununua, kijana wa duka akitaka "kukusetia" simu, mwache aweke lugha na saa. PIN usimpe. Usimtajie, wala usimruhusu asimame mgongoni ukiibonyeza. Malipo nayo yapeleke kwa namba ya biashara ya duka, na usome jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Ukiambiwa "tuma tu kwa namba yangu, nitalipia mimi", funga mkoba wako.

Maneno matamu ya kaunta

Kuna maneno matatu yanayowapoteza wengi.

La kwanza ni RAM. Ukisikia "hii ni ya 8", uliza kama ni 8 kamili au ni 4 na 4. Simu nyingi za bei nafuu zina 4 ya kweli, na 4 nyingine imeazimwa kutoka memori ya kuhifadhi picha. Ya kuazima ni ya polepole, na haifanyi simu iwe ya 8.

La pili ni "hii haiingii maji". Vipimo kama IP67 hufanywa kwa maji baridi: mita moja, dakika 30. Maji ya chumvi ni habari nyingine, na hewa yetu ya bahari peke yake inatosha kula tundu la chaji. Kama unashinda kwenye boti, nunua mfuko wa plastiki wa kufunga. Ni rahisi kuliko waranti, na waranti nyingi hazilipii maji hata kidogo.

La tatu ni "ex-UK" au "ex-Dubai", yaani mtumba. Kuna mtumba mzuri, sikatai. Lakini baadhi ya simu zinazouzwa mkononi ziko kwenye mkopo wa mtu mwingine. Leo inafanya kazi, wiki ijayo imefungwa, na muuzaji hapatikani. Kabla ya kutoa pesa, mwambie aifute simu yote irudi kama ilivyotoka kiwandani, kisha muiunganishe na intaneti mkiwa pamoja. Kama kuna deni au akaunti ya mtu, kufuli kwa kawaida litajitokeza hapo. Bonyeza pia *#06# uone IMEI, ulinganishe na ya kwenye boksi na kwenye risiti. Tangu serikali ilipoagiza simu bandia zizimwe mwisho wa Septemba 2012, Wakenya wanajua namba hiyo si pambo. Na bila risiti, usinunue.

Maswali matano ya kwenda nayo dukani

1. Bei ya taslimu ni ngapi?
2. Nikimaliza kulipa mdogo mdogo, jumla ni ngapi? Niandikie.
3. Nikikosa siku moja, au wiki moja, nini kinatokea? Simu inafungwa lini, na inafunguliwa vipi?
4. Naweza kulipa mbele, au kumaliza mapema? Nikimaliza mapema, bei inapungua?
5. Nikimaliza, kufuli linaondolewa na nani, na nitapata ujumbe gani wa kuthibitisha?

Yapige picha au yaandike kwa karatasi. Muuzaji asiyejibu la pili, msalimie kwa heshima uende duka linalofuata. Ukisharudi nyumbani, hifadhi kila ujumbe wa malipo mpaka deni liishe. Ujumbe ule ndio risiti yako siku sistimu itakaposema hukulipa.

Na sisi tunaohudumu

Itakuwa ni unafiki nikimpa mteja kazi yote. Kampuni zinazokopesha simu, na sisi tunaopitisha malipo yake, tuna sehemu yetu. Ombi langu ni mambo mawili, na hakuna hata moja linalohitaji kiwanda kipya.

Moja, jumla iandikwe. Kwenye bango, kwenye mkataba, na kwenye ujumbe wa kwanza wa malipo: umelipa hizi, umebakisha hizi, mwisho wake ni hizi. Kwa herufi kubwa sawa na zile za "60 kwa siku".

Mbili, ratiba imfuate mtu. Sistimu inayoweza kufunga simu iliyoko Gongoni kutoka Nairobi haiwezi kushindwa kumruhusu mvuvi alipe zaidi Januari na kidogo Mei. Atalipa deni lote. Anachoomba ni kulilipa wakati bahari inampa.

Soko la simu linabadilika. Oktoba 2023 kiwanda cha kuunganisha simu kilifunguliwa Athi River, na simu zake za kwanza zikatangazwa kwa bei isiyofika shilingi 10,000. Ushindani upo, na mteja anayejua hesabu ndiye atakayefaidika nao. Muuzaji akikutajia bei ya siku, msikilize vizuri, kisha umuulize taratibu: "Na ya mwisho ni ngapi?"