Kuficha Safu Si Kuifunga
Shule moja hapa Donholm hutumia lahajedwali moja ambamo walimu wote huandika alama. Humo mna safu ya madeni ya karo, iliyofichwa, nao wakubwa huamini imelindwa. La hasha! Katika Google Sheets, kuficha ni kuondoa machoni tu. Kila mwenye ruhusa ya kuhariri aweza kuifichua. Hata kile programu ikiitacho kulinda humzuia mtu kuandika, si kusoma. (Sisi wanaisimu tungetafuta neno jingine.) Ilhali Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yataka habari za mtoto zishughulikiwe kwa kulinda haki na maslahi yake. Basi kila mwalimu apewe faili yake, ya mwalimu mkuu izivute alama zote, na karo ibaki kwa mhasibu.