MAUMIVU YASIYOSIKIA DAWA



Wako wenzetu ambao kila mwezi hurudi zahanati na maneno yale yale: kichwa chauma, usingizi hauji, moyo wadunda, tumbo limechafuka. Hupimwa malaria, haionekani. Hupewa vidonge vya maumivu, hurudishwa kazini, na juma la pili wako kwenye foleni tena. Wasimamizi huwaita wavivu. Mahali pamoja tunapopafahamu siku hizo zilikatwa katika mshahara.

Neno hilo la uvivu twalikataa. (Hata ndani ya chama wako waliocheka, twawajua.) Mwaka 1972 watu walipakiwa kwenye malori wasirudi. Oktoba 1993 Rais Ndadaye aliuawa, vikafuata vita vya zaidi ya miaka kumi. Mwaka 1995 watu walikimbia nyumba zao Kamenge, Bwiza na Buyenzi, na mwaka 2015 risasi zililia usiku Musaga, Nyakabiga na Cibitoke. Mtu aliyeyaona hayo huyabeba mwilini. Madaktari wa Marekani waliuandika ugonjwa huu katika kitabu chao mwaka 1980. Kwa Kirundi husemwa ihahamuka. Si wazimu wala si pepo.

Lakini wanaotutia hofu zaidi ni wale wasiokwenda zahanati kabisa. Mlinzi mwenye bunduki langoni, mlango unaofungwa nyuma yako, kuulizwa kwa sauti jina la baba na kilima ulikozaliwa: hayo yatosha kumgeuza mtu njiani. Mama mmoja mfagiaji alituambia alifika langoni mara mbili akarudi. Shinikizo la damu lilimwangusha kazini.

Hospitali ya magonjwa ya akili iko Kamenge, ila wengi huona haya kuonekana huko. Tangu 2006 watoto wa chini ya miaka mitano na mama wanaojifungua hutibiwa bure. Fundi wa miaka hamsini asiyelala hulipa kila anaporudi.

Twadai muuguzi wa zahanati ya kawaida afundishwe kuuliza, "Unalala? Unaota nini?", apewe chumba cha kusikiliza pasipo watu, na siku za matibabu zisikatwe mshahara. Wajumbe watalipeleka jambo hili kwa waajiri.

Na mwenzetu anayeogopa lango, aje ofisini kwetu asubuhi kabla ya kazi. Tutamsindikiza, wala hatutamwuliza sababu.