Mashine Nayo Ikaguliwe

Msomaji wangu, liko neno moja ambalo siku hizi hufunga midomo ya watu wengi wenye akili. Neno hilo ni, "Kompyuta imesema." Karani akilitamka, mwenye madai huondoka, mwalimu akilitamka, mwanafunzi huketi, mtaalamu akilitamka, mkutano mzima huitikia. Mimi nasimama kulipinga. Sisemi kwamba kompyuta ni adui wa watu, wala sikushauri urudi kuhesabu kwa kokoto. Nasema kwamba kompyuta haina neno lake yenyewe. Husema neno la mtu aliyeiandikia programu, na mtu huyo hukosea kama ukoseavyo wewe na nikoseavyo mimi. Hesabu ya mashine ni ushahidi, na kila ushahidi hapana budi upimwe kabla haujakubaliwa.

Nisije nikadhaniwa nasema maneno matupu, nitachukua mfano mdogo ambao waweza kuuhakikisha kwa kalamu na karatasi.

Tuseme una vipande 8 vya shamba, vyenye ukubwa mmoja na udongo wa namna moja. Kwa kupiga kura, umetia samadi katika vipande 4, na vipande 4 umeviacha. Wakati wa mavuno, vipande vya samadi vimetoa kilo 31, 29, 28 na 24 za mahindi. Visivyo na samadi vimetoa kilo 26, 22, 21 na 19. Je, samadi imefaa, au ni bahati tu iliyogawa mavuno hivyo? Swali hili si la mchezo. Weka dawa mahali pa samadi, na wagonjwa mahali pa vipande vya shamba, nawe utaona kwamba jibu lake laweza kuamua nani atapewa dawa na nani atanyimwa.

Mwaka 1945 mkemia Frank Wilcoxon, aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alichapisha njia nyepesi ya kulijibu swali la namna hii. Tuache kilo zenyewe, tuvipange vipande kwa nafasi, kama wanafunzi wapangwavyo darasani baada ya mtihani. Ila hapa tuanze na mdogo. Kipande kilichotoa mavuno haba kuliko vyote kipewe nafasi ya 1, na kilichotoa mengi kuliko vyote kipewe nafasi ya 8. Ukifanya hivyo, vipande vya samadi hupata nafasi 8, 7, 6 na 4, ambazo jumla yake ni 25. Vingine hupata 5, 3, 2 na 1, ambazo jumla yake ni 11.

Sasa fikiri. Kama samadi haina kazi yo yote, basi nafasi zile 8 zimegawanywa na bahati, na fungu lo lote la nafasi 4 lingeweza kuangukia vipande vya samadi. Mafungu hayo ni 70, hayapungui wala hayazidi. Katika 70 hayo liko fungu 1 tu lenye jumla ya 26, nalo ni 8, 7, 6 na 5. Na liko 1 tu lenye jumla ya 25, nalo ndilo letu. Basi mafungu yaliyo sawa na letu au yanayolishinda ni 2. Tena, kwa kuwa hatukujua tangu mwanzo kama samadi itaongeza mavuno au itayapunguza, ni haki tuhesabu na mafungu 2 ya upande wa pili, yenye jumla ya 10 na 11. Yote pamoja ni 4 katika 70, yaani karibu 0.057.

Wataalamu wengi wamezoea kuweka mpaka kwenye 0.05. Jibu likiwa chini ya hapo, husema kwamba bahati peke yake haielekei kuwa ndiyo sababu. Likiwa juu ya hapo, husema kwamba ushahidi haujatosha. Jibu letu liko juu ya mpaka, ingawa kidogo. Mkulima mwaminifu atasema, "Dalili ni njema, lakini nahitaji msimu wa pili."

Hesabu hiyo ni kamili, wala haikudai kitu ila subira. Lakini vipande vikiongezeka, mafungu huzidi kwa kasi ya kutisha. Kwa vipande 10 na 10, mafungu ni 184,756. Kwa 20 na 20, yanapita bilioni 137. Ndipo watu wakatafuta njia ya mkato: badala ya kuhesabu mafungu yenyewe, wakachora mstari uliopinda kwa umbo la kengele, ambao hukaribiana na hesabu ya kweli wakati vipande ni vingi. Njia hiyo ina heshima yake mahali pake. Kosa ni kuitumia pasipo mahali pake.

Itumie katika vipande vyetu 8, uone. Ukiuchukua mstari wa kengele bila kuurekebisha, utapata 0.043. Ukikumbuka kwamba jumla za nafasi huruka kwa namba nzima, ilhali mstari hauruki, na kwa hiyo ukapunguza nusu kama ipasavyo, utapata 0.061. Hesabu kamili, tumeona, ni 0.057. Shamba ni moja, mahindi ni yale yale, na majibu ni matatu! Aliyepata 0.043 atatangaza ushindi, aliyepata 0.061 atanyamaza, na wote wawili, ukiwauliza, watakujibu kwa kiburi kimoja, "Kompyuta imesema."

Usidhani nimebuni jambo lisilotukia. Mwaka 2000 watafiti watatu, Bergmann, Ludbrook na Spooren, walichapisha habari za jaribio hili la nafasi, lililofanywa juu ya takwimu zile zile kwa programu 11 zilizokuwa zikiuzwa kwa fedha. Majibu hayakulingana. Baadhi ya programu hazikuweza kabisa kufanya hesabu kamili. Na zile zilizokisia, zilikisia kwa kanuni mbalimbali. Mnunuzi aliyepeleka takwimu zake kwa programu moja tu hakuwa na njia ya kujua kwamba jirani yake, mwenye takwimu zile zile, ameambiwa jambo jingine.

Atatokea mtu atetee programu hizo, aseme kwamba hesabu kamili ni mzigo mzito mno. Utetezi huo ulikwisha nguvu zamani. Mwaka 1947 Mann na Whitney walionyesha njia ya kuupunguza mzigo. Tazama kipande chenye nafasi kubwa kuliko zote. Ama ni cha samadi, ama si cha samadi. Hakuna jambo la tatu. Kikiwa cha samadi, zimebaki nafasi 3 za kuchagua katika 7, nazo zina njia 35. Kisipokuwa cha samadi, zimebaki nafasi 4 za kuchagua katika 7, nazo pia zina njia 35. Jumla ni 70, kama tulivyosema. Kila swali kubwa huzaa maswali mawili madogo, na madogo huzaa madogo zaidi, mpaka unafika pasipo na la kuuliza. Mwanadamu aliweza kuifanya kazi hiyo kwa kalamu kwa makundi madogo. Kompyuta ya leo huifanya kwa 20 na 20 kabla hujapepesa jicho. Basi anayekisia pale anapoweza kuhesabu hana udhuru ila uvivu.

Liko na kosa jingine, la siri zaidi. Wanafunzi wawili wakipata alama sawa, haki ni wagawane nafasi zao: waliostahili ya 1 na ya 2 wapewe 1.5 kila mmoja. Lakini mashine huweka namba kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1, na kwa tarakimu hizo sehemu moja ya kumi haina mwisho, kama vile theluthi isivyo na mwisho katika hesabu zetu za kumi. Mashine huikata mahali fulani. Matokeo yake ni kwamba ukiiambia itoe 0.7 katika 0.8, kisha itoe 0.3 katika 0.4, majibu mawili ambayo mtoto wa shule ya msingi anajua ni sawa, mashine huyaona yanapishana mbali kabisa, kwenye tarakimu ya kumi na saba baada ya nukta. Tofauti hiyo si kitu katika kupima mahindi. Lakini katika kupanga nafasi ni kitu kikubwa, maana nafasi haiulizi umeshinda kwa kiasi gani, huuliza umeshinda au hukushinda. Waliokuwa sawa hutenganishwa, mmoja akawa wa 1 na mwenzake wa 2, na hakuna kengele iliyolia. Mwandishi wa programu asiyelikumbuka jambo hili hupanga nafasi za uongo kwa mashine ya kweli.

Hapo ndipo nisikiapo watu wakisema, "Makosa madogo kama hayo yana madhara gani?" Nami nawajibu kwa habari ya mwaka 2002. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, waliokuwa wakichunguza vumbi la hewa na vifo vya watu katika miji 90 ya Marekani, waligundua kwamba programu waliyoitumia, S-Plus, ilikuwa ikiacha kuhesabu mapema mno. Programu hiyo hukisia, kisha hulirekebisha kisio lake tena na tena, mpaka badiliko liwe dogo. Lakini kipimo cha udogo kilichokuwa kimewekwa ndani yake hakikufaa kwa kazi yao. Walipokikaza, ongezeko la vifo kwa kila mikrogramu 10 za vumbi katika mita moja ya ujazo wa hewa lilishuka kutoka asilimia 0.41 hadi asilimia 0.27. Vumbi lilikuwa bado lina hatari, lakini kiasi cha hatari hiyo kilikuwa kimetiwa chumvi na kipimo ambacho watumiaji walikikuta wakakiacha kilivyo. Sheria za kulinda pumzi za watu hutegemea namba za namna hiyo. Na sifa ya watafiti wale ni hii, kwamba kosa walilitangaza wao wenyewe.

Wengine husema, "Mimi ni nani hata nimsahihishe mtaalamu?" Unyenyekevu huo ni mzuri kwa sura, lakini ndani yake mna uvivu. Wewe uliyehesabu mafungu 70 kwa mkono wako unajua jambo ambalo mtaalamu asiyehesabu halijui. Ukweli wa hesabu hauulizi shahada ya mtu. Programu iitwayo R, ambayo Ross Ihaka na Robert Gentleman waliianzisha katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, imewekwa wazi tangu 1995. Maandishi yake ya ndani yaweza kusomwa na mtu ye yote, awe profesa wa mji mkubwa au mwanafunzi wa Kitui. Mlango ukiwa wazi, anayebaki nje asimlaumu mwenye nyumba.

Walakini kusahihisha si kupiga kelele. Anayeandika, "Programu yenu ni mbovu," hajasaidia mtu. Atafute kwanza mfano mdogo kabisa unaoonyesha kosa, kama vipande vyetu 8. Aufanyie hesabu kwa mkono. Aandike alichotazamia, alichokipata, na toleo la programu alilolitumia. Kisha awapelekee watunzaji wake kwa maneno ya adabu. Na kosa likiisha kurekebishwa, mfano ule usitupwe. Uwekwe ndani ya programu ili ujaribiwe kila mara, kosa lisirudi kwa mlango wa nyuma. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa programu ni mbaya kuliko wa nyumba, kwa kuwa wa nyumba huonekana na mpita njia, bali wa programu hujificha nyuma ya namba nzuri yenye nukta na tarakimu nyingi.

Tena, usingoje kosa la wengine tu. Uwe mwepesi kukiri lako. Aliyetoa jibu la 0.043 juzi, na leo akajua kwamba lililo kamili ni 0.057, atajaribiwa kunyamaza, maana jibu la kwanza lilimletea sifa. Akinyamaza, ameacha kuwa mtu wa elimu, hata akiwa na vyeti vya kujaza ukuta.

Basi, msomaji kijana, usiku wa leo chukua karatasi. Andika namba 1 hadi 8, uchague 4 kwa kila namna iwezekanavyo, ujumlishe kila fungu. Utapata mafungu 70, na kazi itakuchosha. Lakini siku mtu atakapokuwekea namba mezani na kukuambia kwamba kompyuta imesema, utakuwa na haki ya kumwuliza: imehesabu, au imekisia? Imekisia kwa kanuni gani? Waliokuwa sawa imewafanya nini? Asipoweza kukujibu, usiipokee namba yake mpaka ajibu.