Ngano Iliyolala Haiamshwi kwa Dawa

Mkulima wa ngano katika nyanda za Narok, Uasin Gishu, Njoro au Timau ana adui mmoja asiyetajwa magazetini mara nyingi kama vile kutu ya shina inavyotajwa. Adui huyo ni kulala kwa ngano. Shamba lililosimama wima jioni huamkia chini baada ya mvua na upepo wa usiku mmoja. Mashine ya kuvunia hupita juu ya mashuke bila ya kuyaokota, punje huchipua zingali shambani, kuvu huingia, na kinachookolewa huuzwa kwa bei ya kutupa. Katika nchi inayoagiza sehemu kubwa ya ngano yake kutoka ng'ambo, na iliyoonja uchungu wa bei mwaka 2022 vita vilipozuka nchini Ukraine, hasara hiyo si ya mkulima peke yake.

Miongoni mwa njia za kuzuia msiba huu ni kemikali zinazodhibiti ukuaji wa mmea. Mojawapo ni kloromekwati, ambayo wanasayansi wa Marekani waliieleza mnamo 1960 na ambayo imetumika katika mashamba ya Ulaya kwa miongo mingi. Nia yangu leo si kuisifu wala kuilaani. Nauliza swali dogo tu: je, sisi tunaiitaje? Jibu ni jepesi: tunaiita dawa. Nathubutu kusema kwamba hasara ya pili huanzia hapo.

Katika Kiswahili cha dukani na shambani, kila kitu kinachotiwa katika bomba la kunyunyizia ni dawa: dawa ya magugu, dawa ya wadudu, dawa ya kuvu. Neno kupanua maana yake ni ada ya lugha zote, wala halimshangazi mwanaisimu. Hata hivyo, maana ya awali haikufa. Dawa hufuata ugonjwa, nayo hupewa aliye dhaifu ili apate nguvu. Mtu aliyenunua "dawa ya kulala kwa ngano" ana kila sababu ya kungoja aone ngano ikianza kuinama.

Ukweli wa kisayansi ni kinyume cha hayo. Ndani ya mmea mna homoni iitwayo jiberelini, ambayo huzifanya seli za shina zirefuke. Kloromekwati huuzuia mmea kuitengeneza homoni hiyo, hivyo pingili zinazorefuka wakati huo hubaki fupi na shina huwa imara zaidi. Kwa hiyo wakati wake ni pale shina linapoanza kuinuka, pindi fundo la kwanza linapoweza kupapaswa karibu na ardhi. Mashuke yakishachomoza, pingili za chini zimekwisha kurefuka na hapana cha kufupishwa. Maji yakimwagika hayazoleki. Fauka ya hayo, mmea uliodhoofika kwa ukame haufai kunyunyiziwa kamwe, kwani mavuno yanaweza kupungua zaidi. Basi hii ni "dawa" ya ajabu: hupewa mmea wenye siha na lishe tele, ikanyimwa ulio taabani.

Neno hili lina udanganyifu wa pili, nao ni kuliwaza. Kinachoitwa dawa hudhaniwa kuwa hakina madhara. Mnamo 2024 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa kloromekwati ilipatikana katika mikojo ya takriban watu wanne katika kila watano waliopimwa. Viwango vyenyewe vilikuwa chini ya mipaka iliyowekwa na serikali, lakini watafiti walitaka uchunguzi zaidi. Hilo si jambo la kuzua hofu. Ni sababu ya kutosha ya mkulima kuheshimu kipimo, kuvaa glavu, na kutoifanya kemikali hiyo kuwa mazoea.

Hapana budi tukumbuke pia kwamba elimu yenyewe ya homoni hii ilianzia katika neno la wakulima. Wajapani waliona miche ya mpunga ikirefuka kupita kiasi, ikawa myembamba, kisha ikaanguka. Waliuita ugonjwa huo "bakanae", yaani mche mpumbavu. Mwaka 1926 Eiichi Kurosawa alionyesha kwamba urefu huo uliletwa na kitu kinachotolewa na kuvu, na mwaka 1935 Teijiro Yabuta akakipa jina la jiberelini. Jina la mkulima lilikuwa limekwisha kuutaja mkasa wote: urefu usio na busara. Sayansi ililifuata.

Historia hiyohiyo inatufundisha kwamba kemikali si njia ya pekee. Norman Borlaug, alipokuwa Mexico, aliona ngano ndefu ikianguka kila ilipoongezwa mbolea. Aliichanganya na kizazi cha ngano fupi ya Kijapani iitwayo Norin 10, na mwaka 1962 mbegu fupi zikaanza kutolewa kwa wakulima. Nasi, kabla ya kukimbilia duka la pembejeo, tujiulize: mbegu tuliyopanda ni ya kimo gani? Je, tumeibananisha mno? Je, tumezidisha CAN au urea tukidhani kwamba wingi ndio mavuno?

Huenda msomaji akasema kwamba tafsiri ya Kiswahili ikichapwa kwenye mkebe, kazi imekwisha. La hasha. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari za kumwezesha kufaidi kikamilifu alichonunua. Tafsiri inayosema "dawa" bila ya kueleza fundo, pingili na wakati haijaitimiza haki hiyo. Napendekeza tuiite "kifupisha shina", kwa kanuni ileile ya uundaji iliyotupa kiamshakinywa na kitindamimba. Atakayelisikia jina hilo ataelewa mara moja kwamba shina lililokwisha kurefuka halimhusu.

Kazi hii haiwezi kuachiwa wauzaji. Mwalimu wa Kilimo na mwalimu wa Kiswahili, ambao aghalabu huketi katika chumba kimoja cha walimu, wana uwezo wa kuianza muhula huu. Wawapeleke wanafunzi shambani, wawaonyeshe fundo na pingili kwa vidole, kisha wawaagize wakawaeleze wazazi wao kwa Kiswahili. Kama mwanafunzi atashindwa kueleza, tusiseme kwamba lugha yetu ni maskini. Tuseme kwamba hatujaifanyisha kazi, na msimu ujao ngano italala tena huku mkebe ungali mkononi.