Pilipili si askari kanzu

Mtoto wa Clarkston, Georgia, asiye na elfi nyumbani kwao hurudi kutoka shuleni Desemba na maswali mazito. Wenzake darasani husimuliana kila asubuhi walichokikuta walipoamka: elfi wa huyu kalala ndani ya boksi la nafaka, wa yule kaning'inia kwenye taa ya sebuleni. Sisi tunaokaa katika mji huu mdogo karibu na Atlanta, wengi wetu tukiwa wageni kutoka Kongo, Burundi, Tanzania na Somalia, tumejikuta tunalea elfi huyu, mwanasesere mwembamba mwenye kofia ndefu na macho yanayotazama pembeni kama mtu aliyekuibia kitu. Wetu anaitwa Pilipili. Jina alipewa na binti yangu kwa sababu ya nguo yake nyekundu tangu kichwani hadi miguuni, na kanuni za mchezo zinataka mtoto ndiye atoe jina.

Wasomaji wa nyumbani wasiomjua wasidhani ni mila ya kale ya Wazungu. Ni mtoto wa juzi, na kazaliwa huku huku Georgia. Mwaka 2005 Carol Aebersold na binti yake Chanda Bell walitoa kitabu cha watoto, "The Elf on the Shelf", kikiuzwa ndani ya boksi moja na mwanasesere wake. Hadithi yenyewe ni fupi. Elfi hutumwa na Baba Krismasi kuja kukaa na familia. Mchana anatazama tu, hasemi wala hasogei. Usiku, watoto wakilala, anaruka hadi Ncha ya Kaskazini kupeleka taarifa ya nani kafanya vizuri na nani kakorofisha, kisha anarudi kabla ya mapambazuko na kukaa mahali pengine. Mtoto haruhusiwi kumgusa, maana akiguswa uwezo wake wa ajabu unapotea. Mkesha wa Krismasi anaondoka mpaka mwakani. Kitabu kile kikawa biashara kubwa: kufikia 2012 elfi alikuwa puto la kupita juu ya barabara za New York katika gwaride la Macy's la Siku ya Shukrani, na leo anauziwa nguo za kubadilisha na wanyama wa kumsindikiza.

Mama yangu, aliyeko Muheza, alipoelezwa haya kwenye simu aliuliza swali moja: "Sasa huyo askari kanzu mnamlisha nini?"

Nilicheka, lakini neno lile limenikaa, na ndilo linalonifanya niandike. Katika mchezo huu kuna mambo mawili yaliyofungwa pamoja, na mzazi anayo haki ya kuyafungua. La kwanza ni utundu: mwanasesere anayekutwa kila asubuhi kafanya jambo la kipuuzi. La pili ni upelelezi: mwanasesere anayekutazama ili akakushtaki. Mimi la kwanza nalipenda kuliko sikukuu yenyewe. La pili nimelitoa nje ya nyumba yangu, na nawashauri wenzangu wafanye hivyo.

Sisemi kwamba sisi tulilelewa bila vitisho. Nani kati yetu hakuambiwa polisi watakuja kumchukua, au daktari atamchoma sindano akiendelea kulia? Zimwi tulilijua kabla ya kujua kusoma. Na mtaa mzima ulikuwa na macho. Ukirusha jiwe kwenye mwembe wa mtu, habari inafika nyumbani kabla yako. Lakini wale waliotutazama walikuwa watu. Jirani ungeweza kumpigia magoti, ukamsaidia kuchota maji, akasahau yale ya mwembe. Angeweza kukushtaki Jumatatu na Jumanne akakupa kipande cha muhogo. Elfi huwezi kumwomba, huwezi kumjibu, hata kumgusa huruhusiwi, na anayempelekea taarifa yuko Ncha ya Kaskazini. Mwaka 2014 watafiti Laura Pinto na Selena Nemorin waliandika Kanada kwamba mchezo huu unawazoesha watoto kuona kutazamwa na mwenye mamlaka asiyehojiwa ni jambo la kawaida. Baadhi ya Wamarekani waliwacheka, wakisema wanaharibu utamu wa watoto. Mimi nadhani watafiti hao walisema alichosema mama yangu, kwa maneno mengi zaidi.

Basi tuje kwenye utundu, maana ndiko raha iliko.

Nyumbani kwetu kazi ya kumpanga elfi kila usiku iliniangukia mimi kwa sababu ninafanya zamu ya usiku ghalani, na ninarudi watoto hawajaamka. Wenzangu wanaolala usiku hujikuta wamekumbuka elfi saa saba na wanashuka kitandani wakinung'unika. Mimi nafika, navua buti, namtafuta Pilipili.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba mwili wake hauna nguvu. Ni kitambaa laini. Ukimkalisha wima anaangukia uso. Mafundi wa mchezo huu humpitishia waya mwembamba ndani ya mikono na miguu ili apate viungo. Usipotaka upasuaji, kibanio cha nguo mgongoni na selotepu kidogo vinatosha.

La pili, na hili ndilo watu wengi hawalioni, ni kwamba elfi aliyekaa tu hachekeshi. Umhamishe kutoka kabatini hadi dirishani, dirishani hadi juu ya televisheni, mtoto atamtazama na kuendelea na chai yake. Mkao mzuri ni wa mtu aliyefumaniwa. Mtoto akimwona ajue dakika moja iliyopita kulikuwa na jambo linaendelea, na ajaze mwenyewe. Kwa hiyo simweki Pilipili jikoni. Namweka kaegemea sufuria, mwiko umemlalia, unga kidogo umemwagika mezani, na nyayo ndogo za unga, zilizopigwa kwa ncha ya kidole, zinaelekea kwenye friji. Binti yangu alisimama pale akamtazama kwa huruma: "Baba, Pilipili hajui kusonga ugali. Hata maji hakuchemsha." Kesho yake Pilipili alikutwa kalala ndani ya kikombe cha chai kitupu, mikono kichwani, kama mtu aliyekata tamaa na mapishi. Mkao wa leo ukiujibu wa jana, watoto wanaanza kufuatilia kama wanavyofuatilia tamthilia.

Dubu mkubwa wa mwanangu alikutwa kambeba Pilipili mgongoni kwa kipande cha kanga, kafungwa barabara, na mke wangu ndiye aliyefunga kwa sababu fundo langu lilikuwa la kufungia mzigo. Siku nyingine alikuwa juu ya uzi uliotoka kwenye pazia hadi kwenye rafu ya vitabu, kakwama katikati, anahitaji msaada. Halafu bao. Trei la mayai la hapa lina mashimo kumi na mawili, nami nikaweka maharage, upande mmoja Pilipili, upande wa pili simba wa plastiki. Wazee wa bao watanisamehe, najua letu lina mashimo 32. Watoto walipoona simba anakaribia kushinda, mwanangu akasogeza kete moja kwa niaba ya simba akaenda shule. Asubuhi iliyofuata Pilipili alikuwa amejibu. Mchezo ule ulikwenda karibu wiki nzima, na hakuna aliyemgusa elfi. Waligusa maharage tu.

Lakini kilichobadilisha mambo nyumbani ni vitendawili. Watoto wetu Kiswahili wanakisikia, wanakijibu kwa Kiingereza. Ukiwaambia wasome, wanakumbuka wana kazi ya shule. Siku moja nikamwekea Pilipili karatasi chini ya kofia: "Kitendawili! Nyumba yangu haina mlango." Yeye mwenyewe nilimkalisha ndani ya friji, kajifunika soksi kwa baridi, katikati ya mayai. Binti yangu alisoma herufi kwa herufi, akatazama, akatazama tena, akapiga kelele: "Yai!" Hapo nikajua nimepata kazi ya kumpa huyu bwana. Mkao ukawa ndio fununu ya jibu. "Kuku wangu katagia miibani," na Pilipili kampanda nanasi kama farasi. Nanasi lenyewe lilitoka soko la wakulima la DeKalb, tunakokutana Waafrika wote tukitafuta mihogo. "Popoo mbili zavuka mto" iliwashinda. Nilitandaza skafu ya buluu, nikaweka maharage mawili ukingoni na Pilipili kaziba uso kwa viganja. Mchana kutwa hawakupata. Jioni wakampigia bibi yao Muheza, ambako tayari ilikuwa usiku wa manane, wakamwamsha. Akawapa jibu, macho, kisha akawatolea ukali kwa kumwamsha, kisha akawategea vingine vitatu. Tangu hapo yeye ndiye msambazaji wangu. Ananitumia ujumbe wa sauti, mimi naandika karatasi, Pilipili anapata sifa.

Si kila mtu amefurahi. Jirani yetu mmoja, mama kutoka Bukavu, aliposikia watoto wakisimulia ngazini alinisubiri nitoke. "Baba, ile kitu inatembeaka usiku, na munalala nayo mu nyumba moja?" Nikamwambia: mama, anayetembea usiku ni mimi, yeye anabebwa. Hakuridhika, na sitamcheka. Kwa mtu aliyekulia kwenye habari za vitu vinavyotembea usiku, hili si jambo la kuchekea, na ninamwelewa pia anayesema tunawadanganya watoto. Jibu langu kwake ni kwamba mtoto akiuliza kwa dhati, aambiwe. Mwanangu mkubwa aliniuliza, nikamwambia. Hakulia. Aliniomba zamu, na mikao yake inanizidi: ndiye aliyemkuta dada yake hapendi kupiga mswaki, akamlaza Pilipili bafuni kakumbatia dawa ya meno kwa machozi ya karatasi, kana kwamba ameachwa na mchumba. Mswaki ulipigwa.

Yapo nisiyoyakubali hata kwenye utundu. Wamarekani hupenda kumlaza elfi kwenye unga uliotandazwa meza nzima na kumpapasisha mikono ili aache umbo la malaika, kama watoto wanavyofanya kwenye theluji. Georgia theluji ni adimu, naelewa tamaa hiyo, lakini unga ni chakula, na atakayefagia si elfi. Kwangu chochote kinachomwagwa kiwe cha kijiko kimoja. Vilevile simruhusu Pilipili kuleta zawadi. Nyumba nyingine elfi huja na pipi leo, gari kesho, na watoto wa jengo moja wanalinganisha. Mtoto ambaye mama yake anafanya kazi mbili aanze kujiuliza kwa nini elfi wao ni mchoyo? Hapana.

Kuhusu kugusa, niliposikia dawa yake nilicheka peke yangu: mtoto akimgusa elfi, huambiwa amnyunyizie mdalasini pembeni na kumwimbia wimbo wa Krismasi, nguvu zitarudi. Mimi nimetoka Muheza, mdalasini unashuka kwa magunia kutoka milima ya Amani, na sikujua tulikuwa tumekalia hospitali ya elfi. Sheria ile nimeilegeza. Pilipili akianguka, anaokotwa.

Nawapenda sana Waisilandi katika jambo hili la utundu na hukumu. Wao wana vijana wa Krismasi 13, wana wa jitu jike la milimani, wanaoshuka mmoja mmoja kuanzia usiku wa kuamkia Desemba 12. Mmoja kazi yake ni kulamba miko, mwingine anabamiza milango watu walale macho, mwingine anaiba soseji. Watoto huweka kiatu dirishani wapate kijizawadi, na mkorofi huambulia kiazi. Kiazi nacho ni hukumu, sikatai. Lakini anayehukumu mwenyewe ni mwizi wa soseji, na mtoto analijua hilo.

Kwa wazazi waliochoka, huruma ipo hata mahakamani. Mwaka 2021 jaji Robert Leonard wa kaunti ya Cobb, jirani zetu, alitoa amri ya utani ya kuwafukuza elfi wote katika kaunti yake, wazazi wakapata karatasi ya kuwaonyesha watoto. Mimi nina njia ya pole zaidi. Nikizidiwa na zamu, Pilipili anapata mafua. Analazwa chini ya leso, kikombe cha tangawizi kando, na cheti cha mapumziko ya siku tatu chenye sahihi isiyosomeka.

Dada yangu wa Tanga aliniomba nimtumie elfi wa dukani kwa ajili ya wanawe. Nilimwambia ashone, naye amemshona kwa kitenge, mguu mmoja mrefu kuliko mwingine, kofia ya soksi. Nanyi mnaotaka kuanza mwaka huu, shoneni au mtumie mwanasesere yeyote aliyepo. Anzeni Desemba mosi. Mfumanieni kwenye maharage, kwenye nanasi, mgongoni kwa dubu, na wategeeni watoto kitendawili kila jioni. Taarifa za watoto wenu zipelekeni kwa bibi zao. Wao wanajua kusamehe.